Hili Linasimama

Kabla ya kuingia Nyakanazi kuna kona ambayo gari husikika muda mrefu kabla halijaonekana. Hapo ndipo nilipokulia, ingawa kwetu ni Nyamigogo. Mama alinipeleka kwa shangazi kwa sababu shule ilikuwa karibu, na kwa sababu shangazi alichoma mahindi na alihitaji mtu mwenye miguu.

Sisi watoto wa kona kazi yetu ilikuwa kukimbia. Gari likisimama, wa kwanza kufika dirishani ndiye aliyeuza. Lakini mengi hayakusimama. Ukilikimbilia lisilosimama unakula vumbi, unarudi unahema, na wakati huo lingine nyuma yake limeshasimama na wenzako wamelizunguka kama nzi. Kwa hiyo ilibidi ujue mapema, ukiwa bado umechuchumaa kwenye moto, lipi ni lipi.

Mimi nilijua. Sisemi kwa kujisifu, kila mtu pale kona alikuwa anasema hivyo. Honi ndefu ilikuwa na maana kwamba tokeni njiani, huyo hana shida na nyinyi. Hiyo hata mtoto mdogo aliijua. Kilichokuwa kigumu ni mguu wa dereva. Dereva anayepunguza kwa ajili ya kona tu huchelewa kuondoa mguu kwenye mafuta, kisha hurudisha gia kwa fujo. Mwenye njaa huondoa mguu mapema, taratibu, gari linabaki linatembea lenyewe na injini inakuwa kama mtu anayeongea huku anafikiria jambo jingine. Nikisikia hivyo nasema, "Hili linasimama," na nakimbia. Shangazi alipoulizwa kama kuna gari la Kigoma linakuja alijibu tu, "Muulizeni huyo mwenye masikio."

Aliyekuwa akikimbia nyuma yangu siku zote alikuwa mtoto wa duka. Wazee wake walitokea pwani, na baba yake aliuza sukari, khanga na betri pale njia panda. Hakuwa na haja ya kuuza mahindi. Alikuja kucheza. Alimwomba shangazi mahindi mawili matatu, akachuchumaa karibu yangu, akawa ananitazama mdomoni. Hakukimbia mpaka niseme. Nikisema tu, namsikia nyuma yangu, pwata, pwata, pwata, kwa kandambili ambazo baba yake alimpa kubwa makusudi ili zidumu, na ile ya kushoto ilikuwa inaburuza kila baada ya hatua chache kwa sababu alipenda kuingiza vidole vitatu upande mmoja wa mkanda.

Kwao kulikuwa na redio kaseti. Siku moja aliibeba mpaka kona, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akarekodi tenki la mafuta likipita. Kaseti yenyewe ilikuwa ya kaswida. Jioni baba yake alipokaa na wageni akaiweka, katikati ya kaswida likapita tenki. Tulimsikia mtoto wa duka akilia mpaka huku kwetu. Kesho yake alikuja na masikio mekundu, na kitu cha kwanza alichoniuliza ni, "Lile la jana, ulijuaje halisimami?"

Nikamweleza. Sikujua kwamba nilikuwa nampa kazi ya maisha yake.

Baada ya kidato cha nne yeye alikwenda Dar es Salaam kwa mjomba wake aliyetengeneza redio na spika. Mimi nilikwenda Geita kwenye machimbo, kisha Kahama kupakia mizigo, kisha Mwanza, kisha Kigoma, kisha Kahama tena. Sina mahali nilipokaa nikasema hapa pametosha. Kila nilipofika nilikumbuka nilipotoka, na nikirudi nilipotoka nakuta si penyewe. Wengine hupata nyumba kwa kuhama hivyo. Mimi nimepata mabegi.

Muziki wake niliusikia mara ya kwanza Kahama, kwenye simu ya mpakiaji mwenzangu. Hakukuwa na ngoma wala gitaa. Kulikuwa na mashine ya kusaga, mvua juu ya bati, na mtu anafungua na kufunga mlango wenye bawaba kavu. Yule mpakiaji akaniuliza, "Huu ni muziki au simu imeharibika?" Watu wote wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na nililala usingizi mzuri usiku ule.

Lakini waliocheka wakapungua. Akaalikwa Ulaya kupiga hizo bawaba zake mbele ya watu waliokaa kimya. Akaanza kuandika magazetini kuhusu sauti: sauti ya soko kabla ya mvua, sauti ya hospitali, kwa nini kijiji chenye umeme husikika tofauti na kisicho nao. Anaandika vizuri, siwezi kusema uongo. Kiswahili ni cha nyumbani kwao. Mimi magari niliyasikia kwa Kisubi, lugha ya kwetu, na maneno niliyokuwa nayo kwa ajili ya injini hakuna anayeyasoma gazetini. Kila nilipokuta makala yake niliisoma mara mbili, ya kwanza kutafuta kosa, ya pili kujitafuta mimi. Sikupata lolote kati ya hayo mawili.

Kisha akatoa kitabu. Kilinikuta Ngara, ambako siku hizi nafanya kazi na malori yanayovuka mpaka wa Rusumo. Nilikimaliza siku moja kwenye chumba cha gesti, mvua inanyesha. Mwanzoni kabisa anaeleza kona yetu, moshi wa mahindi, honi ndefu, mguu wa dereva mwenye njaa. Yote yamo, hata injini inayofikiria jambo jingine, ambayo ni yangu, niliisema mimi nikiwa nimeshika kibanio cha mkaa. Halafu anaandika kwamba aliyemfundisha kusikiliza ni barabara.

Barabara! Nilikifunga, nikakifungua tena nione kama nimesoma vibaya.

Kwa hiyo aliponipigia mwaka huu, akasema, "Ndugu yangu, nakuja Nyakanazi kuchukua sauti za kona, njoo basi tukae," nilikubali haraka. Nilikuwa na nia moja tu. Nilitaka tukae pale pale, magari yapite, nimwambie moja baada ya jingine lipi litasimama, mpaka aseme kwa mdomo wake kwamba ni mimi.

Nilimkuta kwa mama anayeuza chai na chapati karibu na kona. Tulikumbatiana. Alinukia sabuni ya hotelini.

"Umenenepa," nikamwambia.

"Na wewe umekauka kama kuni. Hutulii."

"Kitabu chako nimekisoma."

"Eeh! Ukakionaje?"

"Barabara imepata bahati. Imepata mwanafunzi mzuri."

Akacheka mpaka chai ikamwagika. Sikujua kama ameelewa, na sikutaka kumsaidia kuelewa.

Tukaenda kukaa ukingoni. Alisimamisha fimbo, juu yake kinasa sauti kimevikwa manyoya ya kijivu ya kuzuia upepo. Mama wa chai akatupigia kelele kutoka kibandani: "Jamani, huyo paka wenu wa kwenye fimbo anakula nini?"

"Anakula kelele, mama," rafiki yangu akamjibu.

"Basi hapa atashiba afe!"

Yeye akakaa kwenye kistuli alichokuja nacho, akavaa spika zake za masikioni, akainamisha kichwa, akafumba macho. Nilimtazama. Viatu vyake vilikuwa vya ngozi laini, vya kuvaa bila kamba. Nikawaza kwamba macho yake ameyafumba kama nilivyokuwa nafumba mimi, na kwamba hilo nalo amelichukua.

Likaja la kwanza. "Halisimami," nikasema. Halikusimama. La pili, basi la Kigoma. "Halisimami." Halikusimama. Akafumbua jicho moja akanitazama, na mimi nikajifanya sijaona. La tatu lilikuwa pikipiki, tukacheka wote wawili kwa mara ya kwanza bila mimi kujizuia.

Kisha likaja lenyewe. Lilikuwa kubwa, semitrela, limetoka mbali na lina mzigo. Likiwa bado nyuma ya kona nikasikia mguu ukiondoka kwenye mafuta. Mapema. Taratibu. Injini ikabaki inaongea peke yake. Mwili wote ulinisisimka, nikasahau nina miaka mingapi, nikasahau hata kwamba sina mahindi mkononi.

"Hili linasimama!" nikapiga kelele, nikakimbia.

Nilikimbia kweli. Nilikimbia mpaka usawa wa mlango wa dereva, mkono mmoja juu. Dereva akanitazama kutoka juu kama unavyotazama mbuzi barabarani, akapanda tuta la kwanza, akashuka la pili, akakanyaga mafuta akaondoka.

Matuta yale, yaliyowekwa baada ya sisi kuondoka, nimeyapita mara nyingi nikiwa ndani ya magari. Sikuwahi kuyasikia kutoka nje. Siku hizi kila lori lenye mzigo huondoa mguu mapema pale, lenye njaa na lililoshiba.

Kule nyuma mama wa chai alikuwa amekaa chini kwa kicheko. "Rori linapunguzia matuta hapo mbele! Jamani, watu wazima!"

Sikugeuka. Niliona haya kiasi kwamba shingo ilikataa kugeuka. Nilijua nikigeuka nitamwona rafiki yangu amekaa kwenye kistuli chake, spika masikioni, anatabasamu, na mashine inaendelea kunasa. Nikaendelea mbele kama mtu mwenye shughuli zake, nikapita stendi, nikapata lori linalokwenda Rusumo, nikapanda. Alipiga simu mara kadhaa. Sikupokea.

Wiki iliyopita amenitumia kazi mpya kwenye simu. Hakuandika neno, ametuma tu. Nilitaka kuifuta. Badala yake nikanunua vocha, nikavaa spika za masikioni, nikakaa nyuma ya ghala mahali pasipo na watu.

Kona yote ilikuwemo. Basi la Kigoma lilikuwemo, na pikipiki. Kisha semitrela kwa mbali, na sauti ya mtu mzima, imekwaruza, imejaa furaha ambayo sikujua kwamba ninayo: "Hili linasimama!" Nikasikia viatu vyangu vikikimbia. Nikang'ata meno nikisubiri kicheko cha rafiki yangu, maana alikuwa ndiye aliye karibu zaidi na kinasa sauti.

Hakikuwepo. Kilichokuwepo ni kistuli kuanguka, waya kuvutwa, na miguu mingine ikianza kukimbia, karibu kabisa na sikio, kisha ikipungua kuelekea nilikokuwa. Viatu vya kuvaa bila kamba. Cha kushoto kilikuwa kinaburuza kila baada ya hatua chache.

Niliirudisha nyuma mara nyingi. Masikio yangu yalikosea gari, lakini mguu ule hayawezi kuukosea.

Jioni nikamwandikia: "Kumbe ulikimbia."

Jibu likaja papo hapo, kana kwamba simu ilikuwa mkononi wiki nzima: "Si ulisema linasimama."

Nimelisoma zaidi ya makala zake zote. Kisha nikatazama tena juu ya ile kazi, kama kuna jina jingine mbali na lake. Hakuna. Hilo neno, kwamba mimi ndiye niliyesema, nilitaka aliandike kwenye kitabu, watu walisome. Ameniandikia mimi peke yangu.