Ngumi Chini ya Ngozi

Mume wa dada yangu tulimwita Ngumi. Kazi yake ilikuwa kuchuna ng'ombe machinjioni, na kisu alikitumia kidogo tu, kisije kikatoboa ngozi. Akishapasua tumbo, alikibana kisu kwenye meno, akaingiza ngumi kati ya ngozi na nyama, akasukuma mpaka mkono ukazama. Utando ulikatika kwa kelele kama kitambaa kikichanwa. Damu ilimrukia machoni, naye anacheka.

"Shemeji," nilimwambia siku moja, "toa hicho kisu mdomoni. Kimetoka tumboni, kina mavi!"

"Mavi ya ng'ombe ni majani tu, shemeji."

Basi, akaanza kuhara. Kwanza maji, baadaye damu tupu. Homa ikamchoma siku nyingi, na dawa za dukani hazikufua dafu. Mwisho maumivu yakamtupa sakafuni. Akawa anagonga kichwa ukutani na kumtukana dada, yeye ambaye hakuwahi kumwambia mkewe hata "wee". Majirani walimbeba kwa nguvu hadi hospitali.

Daktari alimbonyeza tumbo, likawa gumu kama ubao. "Utumbo umetoboka. Tusipompasua sasa, anakufa."

Ngumi akamkwida kola. "Nimepasua matumbo maisha yangu yote! Sijaona hata ng'ombe mmoja aliyeamka!"

Dada akapiga magoti. Mimi sala ilinipotea, nikabaki na "Mungu wangu, Mungu wangu" tu.

Muuguzi, mama mtu mzima, akamwinamia. "Baba, nisikilize. Ukuta wa utumbo ni seli zilizoshikana bega kwa bega, uchafu haupiti. Bakteria uliowameza wanakata pale zinaposhikana, wanazisukuma kando, wanapenya. Huko ndani wanakula mpaka tundu linatokea. Sasa hivi mavi yanamwagika tumboni mwako."

Ngumi alihema. "Wanaingiza ngumi."

"Ndiyo. Wanakuchuna kwa ndani, na wewe ungali hai."

Vidole vyake vikaiachia kola, kimoja kimoja. "Haya," akamwambia daktari. "Kata."

Walimkata kipande cha utumbo kilichooza, wakamwosha tumbo zima. Mungu alitusikia, ingawa hatukuwa tumesema la maana. Alipofumbua macho akamwona dada, akaanza kulia kwa kwikwi, yeye mtu wa damu mpaka viwikoni.

Dada akamwekea mkono tumboni. "Nyamaza, baba. Nyuzi zitafumuka."