Nambari Waliyoitaka Kwenye Jiwe

Nilitoka nyumbani kwa sababu ya jiwe. Ndugu yangu mdogo Kiprono, daktari wa wagonjwa wa dharura na mtafiti, alizikwa kwetu Kapsoit wakati wa mvua. Sasa udongo ulikuwa umeshuka na jiwe la kaburi lilingoja maneno. Watoto wake walitaka iandikwe kwamba wasomi wa dunia wameyanukuu maandishi yake mara nyingi, na nambari yenyewe iwekwe. Mimi kama mkubwa wa boma nilipaswa kukubali. Sikukubali. Nilifika darasa la saba tu, na sikujua hiyo nambari inahesabu nini.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo sikuwaambia. Zamani, Kiprono akiwa bado shuleni, baba alishikwa na kifua nikampeleka hospitali. Tulikuta watu kwenye benchi, tukakaa mwisho. Sisi wakulima wa chai tumezoea hivyo kituoni tunakopimia majani: gunia lako hukaa nyuma ya la aliyekutangulia, na anayeruka laini huonwa kama mwizi. Baba mwenyewe aliniambia, "Kaa, tutafikiwa." Alikufa wakiwa wamebaki watu wawili mbele yetu.

Baadaye nilisikia kwamba andiko la kwanza la Kiprono linaanza na mzee kwenye benchi na mwanawe. Limeandikwa kwa Kiingereza. Niliishi nikiliogopa. Yeye hakulitaja kwangu, wala mimi sikumuuliza.

Asubuhi nilikamua ng'ombe, nikatia kwenye bahasha nakala ya lile andiko iliyobaki katika makaratasi yake, nikashika njia ya Kericho. Nilikuwa naenda Sigor kwa Chelangat, daktari kijana aliyefunzwa na Kiprono. Siku ya mazishi aliniambia, "Mzee, siku ukitaka kusomewa, kuja."

Kutoka Kericho mpaka Litein ni chai pande zote mbili, na wachumaji wanaongea huku mikono ikijiendea yenyewe. Njia hii Kiprono aliipita mara nyingi akiwa na makaratasi yake. Kijijini walisema ni daktari anayeandika badala ya kutibu. Mimi pia nilisema. Nilimwambia mezani kwangu, "Wewe unaandika na watu wanakufa." Alimaliza chai yake, akaniuliza kama ndama amepona.

Baada ya Bomet majani chai yaliisha. Yakaja mahindi, miiba na jua kali.

Saa sita nilifika Sigor, kwenye hospitali ndogo yenye benchi ndefu nje. Nilikaa mwisho. Askari wa lango akaja.

"Mzee, wewe ni wa Kericho?"

"Umejuaje?"

"Umekaa mwisho bila kuuliza kitu. Nyinyi watu wa majani, hata mbinguni mtapanga laini na magunia!"

Benchi nzima ilicheka. Lakini yeye hakuondoka. "Unapumua vizuri? Kifua hakiumi?"

"Mimi si mgonjwa. Nimekuja kwa Chelangat."

Kabla hajajibu, pikipiki ilileta mama na mtoto aliyekuwa akivuta pumzi kwa shida. Askari hakuuliza jina wala kadi. Alimfunga mtoto kitambaa chekundu mkononi, akawaongoza ndani mbio.

"Na sisi tuliokuja saa moja?" mwanamke mmoja akalalamika.

"Mama, wewe unaweza kunigombeza," askari akamjibu akirudi. "Huyo hata kulia hawezi."

Hakuna aliyesema mtoto ameiba nafasi.

Chelangat alipotoka, alisema mtoto ametulia. Nikamuuliza juu ya kile kitambaa.

"Ni kazi ya ndugu yako, mzee. Aliandika kwamba anayemwona mgonjwa kwanza ni askari, si daktari. Kwa hivyo afunzwe huyo."

Tuliingia kwenye chumba chake. Nikampa bahasha, nikamwambia, "Soma yote. Usiruke kitu kwa sababu ya huruma."

Alisoma polepole kwa Kiswahili. Mzee alikuwepo, na benchi, na watu wawili waliobaki. Kisha akasoma hivi: mwana hakukosa; alifanya kama tulivyolelewa sote, kumheshimu aliyetangulia. Kosa lilikuwa kwamba hapakuwa na mtu mlangoni wa kuuliza ni nani hawezi kungoja.

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Halafu nilimuuliza kunukuliwa ni nini.

"Mtu akiandika yake na ametumia ya Kiprono, lazima amtaje."

"Kama kimanagan," nikasema. Wazee wetu waliweka ng'ombe kwa boma la rafiki. Rafiki anakunywa maziwa, lakini akiulizwa anasema ng'ombe ni wa nani.

Chelangat alicheka. "Ndio hiyo, mzee! Na wanazaa huko. Lakini nisikudanganye: wengine wanamtaja kumpinga, na wengine hata hawajamsoma. Hiyo nambari haihesabu waliopona."

Alinionyesha kwenye simu. Ilikuwa kubwa kuliko ile ya watoto.

"Kumbe walikosea?"

"Hapana. Imepanda tangu mazishi."

Jioni nilirudi Kapsoit, nikawaita watoto wa Kiprono. Nikawaambia nambari hatuiweki. Hiyo inazidi kupanda, na jiwe halipandi. Tukiichonga leo, hivi karibuni jiwe la baba yenu litakuwa linasema uongo. Kisha nikawaambia habari za benchi, na kwamba yule mwana ni mimi. Walikuwa wameisoma zamani. Hawakujua kwamba mimi sijui lile andiko linasema nini.

Nilichojifunza ni kidogo. Nilidhani ndugu yangu alinyamaza kwa sababu ananilaumu, kumbe jibu lake lilikuwa wazi kwa watu wote, na mimi peke yangu sikwenda kusomewa. Ningeuliza akiwa hai.

Kwenye jiwe, chini ya jina lake, tumeandika: *Aliuliza ni nani hawezi kungoja.* Fundi alitaka kuongeza jina langu kama aliyeweka jiwe. Nikamwambia aache, mimi Kiprono alishaniandika.