Bluu Ilipoikimbilia Njano

Hospitali nzima ilimwita Mama Vitone, hata mganga mkuu, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile la kwenye beji. Kwa miaka ishirini na sita alipima makundi ya damu kwenye kigae cheupe: tone la dawa ya bluu, tone la dawa ya njano pembeni yake, kisha damu ya mgonjwa katika kila moja. Ikiganda kwenye bluu, ni kundi A. Kwenye njano, B. Kote kuwili, AB. Na mdomo alikuwa nao: vijana waliosifia mashine mpya aliwaambia mashine haina macho.

Asubuhi hiyo damu iliyoletwa ilikuwa ya mdogo wake, aliyejifungua saa mbili zilizopita na bado alikuwa anavuja damu. Mama Vitone alipangusa kigae kwa spiriti, hakungoja kikauke, akadondosha dawa na damu chapuchapu, akakoroga. Iliganda kote kuwili.

"AB!" alimwambia muuguzi. "Huyo anapokea damu yoyote. Beba mfuko wowote, kimbia!"

Muuguzi akachomoa mfuko wa kwanza kwenye friji, wa kundi B, akatoka mbio.

Mama Vitone akapangusa kigae ili arudie kipimo kwa ajili ya kumbukumbu. Aliweka dawa, akageuka kuchukua damu. Alipotazama tena, tone la bluu lilikuwa linatembea.

Hakuna aliyeligusa. Lilijikunyata upande uliokuwa na spiriti, likatoa ulimi mwembamba upande wa pili, likaingia kwenye njano. Humo ndani rangi zikazunguka zenyewe, bila kijiti, mpaka njano yote ikawa kijani. Alijua kwamba tone lina ngozi yake. Hakuwahi kufikiri kwamba spiriti ikiilegeza upande mmoja, upande uliokaza huyavuta maji. Kumbe vitone vina miguu! Kisha akakumbuka kipimo cha mdogo wake: kigae hicho nacho hakikuwa kimekauka. Chini ya wekundu wa damu, ukijani huo nani angeuona?

Alinyakua kigae kingine, kikavu. Bluu iliganda. Njano ikabaki laini kama maji. A.

"Mungu wangu, namuua mdogo wangu!"

Alikimbia koridoni, kiatu kimoja kikabaki nyuma. Mfuko ulikuwa umeshatundikwa, na damu ilikuwa inashuka kwenye mpira.

"Funga! Funga hapo!"

Muuguzi alifunga. Ilikuwa imebaki shubiri moja kuufikia mkono.

"Dada, kuna nini?" mdogo wake aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hamna kitu, mdogo wangu. Wanakuletea nyingine."

Mfuko wa kundi A ulipotundikwa, Mama Vitone alimweleza daktari wa zamu kilichotokea, naye akamvuta pembeni.

"Mama, huku kupima kabla kigae hakijakauka, ni leo tu?"

Mama Vitone alifungua kinywa aseme ndiyo. Zikamjia siku zote za foleni ndefu, akakaa chini pale pale sakafuni.