Neno la Kumi

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye ploti za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo pale Thika, mtu hakupoteza kazi kimya kimya kama siku hizi. Aliipoteza kwa neno la Kizungu. Alitoka getini na bahasha ya kaki, ndani yake mlikuwa na neno, na kufika jioni ploti nzima ilikuwa imelijua, hata shosho, yule bibi kizee wa nyumba ya kwanza, ambaye Kizungu chake kiliishia kwa "yes" na "goodbye".

Na maneno yalikuwa na vyeo vyake, msidhani. "Sacked" lilikuwa la chini kabisa. Baba Karis alipatikana amelala juu ya marobota ya pamba huku mashine zikinguruma, akawa "sacked", akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma, kule kwenye majani ya nepia ya ng'ombe. Aliyekuwa "fired" alikuwa amegombana na mkubwa, kwa hivyo aliingia kwa lango la mbele akiongea kwa sauti. "Laid off" lilikuwa na matumaini. Mzee Mutiso, aliyetoka Gatuanyaga, aliambiwa ataitwa, na mwaka mzima alipiga viatu polishi kila Jumapili akingoja kuitwa. Juu kabisa kulikuwa na "retired". Huyo alipewa saa ya ukutani na kreti ya soda, akapigwa picha, na kuanzia siku hiyo mke wake hakutusalimia tena vizuri.

Sisi watoto tuliyacheza haya yote. Watoto wengine walicheza kalongolongo, wakapika matope kwenye vifuniko vya mikebe. Sisi tulicheza kiwanda. King'ora cha saa nane kikilia tulipanga foleni kando ya mfereji, mkubwa akakaa juu ya ndoo, akakukabidhi jani la mparachichi kama barua, ukalia vizuri, ukaenda nyumbani kula githeri. Ulikuwa mchezo mtamu kweli. Watoto wa siku hizi wangeuliza chaja iko wapi.

Mama yangu ndiye aliyekuwa na maringo. Ovaroli ya bluu ya baba aliianika kwenye kamba ya mbele, mahali kila mtu angeiona, na kusema kwa sauti ya kufika mpaka choo cha mwisho kwamba mume wake hajawahi kupigwa kalamu kazini, na hatapigwa, kwa sababu mtu anayejiheshimu hamwagi unga. Wanawake ambao unga wa kwao ulikuwa umemwagika waliendelea kufua nguo zao. Nampenda mama yangu, lakini hapo alikosea.

Nikiwa darasa la tano, baba akapata likizo. Ndivyo alivyotuambia, na bahasha hakuna aliyeiona. Wiki ya kwanza alitengeneza banda la kuku. Ya pili akapaka mlango rangi. Ya tatu alikaa tu nje kwenye kiti, na kila king'ora kilipolia alisimama kidogo, halafu akakaa tena. Mama alifurahi ajabu. Aliwatangazia majirani kwamba kuna wanaume wanaopewa mapumziko marefu kwa sababu ya kufanya kazi vizuri.

Basi mwalimu wetu wa Kizungu akatupa kazi ya nyumbani. Tuchukue neno "dismissed", yaani kuachishwa kazi, tutafute mengine kumi ya maana hiyo au ya kukaribiana nayo, na kila moja liwe na sentensi ya kweli. Ya kweli, akarudia, kwa sababu alikuwa amechoka na sentensi zetu za simba na sungura. Watoto wa kutoka mashamba ya mananasi walitokwa na jasho. Mimi nilicheka. Nilipita mlango kwa mlango kama mtu anayechuma sukuma wiki, nikarudi na maneno tisa, kila moja na mwenyewe.

La kumi likakosekana. Jioni, mama akisonga ugali mlangoni kwenye jiko la makaa, nikampelekea baba daftari. Alisoma orodha yote polepole, kidole kikipita juu ya majirani zake mmoja mmoja. Mimi nilipewa jina la mama yake, kwa hivyo aliniita maitu, yaani mama, na hata akinikemea alinikemea kwa heshima.

"Andika 'redundant', maitu," akasema. "My father was declared redundant."

Nikamwambia hiyo mwalimu ataikata, sentensi inatakiwa iwe ya kweli, na yeye yuko likizo.

"Andika tu. Hataikata."

Mwiko ukasimama. Mama hakusoma sana, lakini neno hilo la mtu asiyehitajika tena kazini kila mwanamke wa ploti alilijua, lilikuwa limeshapita nyumba nne za ploti ya jirani. Nikamtazama baba, naye hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama mgongo wa mama. Hapo ndipo nilipojua kwamba ile sentensi haikuwa ya mwalimu. Wiki tatu mtu mzima alikuwa ametafuta namna ya kumwambia mkewe, nikamletea daftari.

Mama alisonga ugali wake mpaka ukaiva, akampakulia baba wa kwanza kama kawaida. Asubuhi ovaroli haikuwa kwenye kamba. Mama alibeba bakuli la unga, akaenda kwa Mama Karis, na akakaa huko mpaka saa sita. Nami nikapata kumi kwa kumi.

Kizungu hicho ndicho kilichonipa kazi Ruiru, kwenye ofisi inayoshughulikia wafanyakazi. Barua za kuachisha watu kazi niliandika mimi. Siku hizi hakuna aliye "sacked", aka, hiyo ni lugha ya washamba. Siku hizi kampuni "inakuachilia ukafuate ndoto zako". Niliwahi kumwandikia mlinzi, mzee wa watu, kwamba tunasherehekea safari yake. Aliisoma yote, akanishukuru, akaniuliza kama kesho aje saa kumi na mbili au saa moja.

Wiki tatu zilizopita nikaletewa yangu, kwa barua pepe, na picha ya maputo juu. Niliisoma mara mbili nijue kama nimefutwa ama nimepandishwa cheo. Tunaishi Kimbo, ghorofa ya tatu, na hapa kila mlango umefungwa. Hakuna jirani wa kuulizana naye neno. Nilimwambia mume wangu niko likizo. Alifurahi sana, na akawaambia watu wa kanisa.

Jana Ian wetu, yuko gredi ya tano, alikuwa mezani na kazi ya shule, Kizungu, maneno ya maana moja. Baba yake alikuwa hapo tu jikoni akichemsha chai. Nikavuta kiti, nikamuuliza polepole kama kuna neno limemkosa.

"Niko sawa, mum," akasema, macho kwenye simu. Ilikuwa imempa maneno ishirini.

Baba yake akaleta chai, akaniuliza kazini narudi lini.

Nikamwambia Jumatatu.