Barua ya kiwandani inayotaka Paskalia amkane kaka yake mkubwa

Saa moja na robo asubuhi, Kihonda, Morogoro, na Paskalia Mkude tayari yuko kwenye ungo wa nne. Anapeta pilipili manga. Wageni wakipita karibu wanapiga chafya hadi machozi yanawatoka. Yeye, baada ya miaka kumi na moja kiwandani hapa, hata pua haimwashi.

Leo macho yake ni mekundu, na si kwa sababu ya pilipili. Keshokutwa, Ijumaa, anatakiwa asaini barua inayosema kwamba alidanganya ili apate ruhusa ya msiba. Asiposaini, kazi hana.

“Niseme kaka yangu hakuwa kaka yangu,” anasema bila kusimamisha ungo. “Kwa mshahara wa laki moja na tisini!”

Kaka mwenyewe ni Andrea, aliyeanguka kutoka juu ya mkarafuu huko Matombo mwezi uliopita, akafariki kabla hajafikishwa zahanati. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Paskalia ana arobaini na sita.

Hapo ndipo ofisi ilipodhani imemkamata mwizi.

Msomaji mwenye mama mkubwa hahitaji kuelezwa, lakini kwa faida ya ofisi ile, tueleze. Mama yake Andrea, Bi Rosa, ni dada mkubwa wa mama yake Paskalia. Alikaa miaka mingi bila mtoto, akampata Andrea akiwa na miaka arobaini na mbili, huyo huyo mmoja. Kwa Waluguru ukoo ni wa mama, na mtoto wa mama mkubwa ni mkubwa wako hata kama nepi ulimfunga wewe.

“Na nilimfunga kweli,” Paskalia anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka. “Usiku nambeba mgongoni ananikojolea, asubuhi namwamkia, shikamoo kaka. Anaitika marahaba huku kamasi zinamtiririka.”

Haikuwa mzaha. Paskalia alipoposwa, Andrea alikuwa na miaka tisa. Wazee walimkalisha kwenye kiti cha kaka mtu, miguu haifiki chini, wakamwuliza kama anaridhia. Akasema anaridhia, ila bwana aahidi kwamba hatampiga mdogo wake. Watu walicheka wakashika mbavu, lakini bwana aliahidi, na Paskalia anasema mwaka wa ishirini huu hajamwinulia mkono.

Sasa fomu. Fomu ya ruhusa ya msiba kiwandani hapo imeandikwa Kiingereza, utadhani wanaofiwa Kihonda ni Waingereza. Paskalia aliishia darasa la saba, kwa hiyo Mwanvita, mwenzake wa upande wa kufungasha, akamjazia. Fomu ikauliza kama ndugu aliyefariki ni mkubwa au mdogo kwa mwombaji. Paskalia akajibu bila kusita: mkubwa. Akapewa siku nne, akapanda milimani kuzika.

Aliporudi alitakiwa kuonyesha kibali cha mazishi. Umri wa marehemu ulipoonekana, akaitwa mwongo mbele ya wenzake.

Barua aliyoandikiwa inamtaka akiri kuwa Andrea alikuwa “mtoto wa shangazi” tu, tena mdogo kwake. Shangazi! Dada wa mama, walionyonya ziwa moja, ofisi imemhamishia upande wa baba bila hata kumwuliza mwenyewe. Anayeandika hivyo hapa Morogoro ana ujasiri wa kuwafundisha wengine ukweli?

Afisa utumishi, Hashimu, anampokea mwandishi kwa heshima. “Sina ugomvi na yule mama,” anasema. “Fomu inataka mkubwa au mdogo, na umri unajieleza. Nikimwachia yeye, kesho kiwanda kizima kitakuwa na kaka wakubwa wa kuzika.”

Alipoulizwa kama yeye hana mama mkubwa, hakukataa. “Ninaye. Mwanawe nimemzidi miaka sita. Namwita kaka,” alisema. “Lakini hayo ni ya nyumbani.”

Ya nyumbani! Huyu si mgeni aliyeshuka jana kwenye ndege. Anajua fika, na bado anamtaka mama wa watu atie saini uongo ili faili lake lipendeze. Mstari mmoja wa kueleza undugu, ukiongezwa kwenye fomu ile, ungemaliza habari yote.

Mwanvita anajilaumu. Amemshauri mwenzake amalize yaishe. “Saini dada yangu, Mungu anajua ukweli. Kazi ukiiacha hapa, unaipata wapi nyingine?”

“Mungu anajua,” Paskalia anamjibu, “ila Mungu hatamwona mama mkubwa usoni. Nitamwona mimi. Nimwambie mwanao niliyemlilia pale, nilikuwa nasingizia?”

Kwa hiyo hatasaini. Ijumaa atairudisha barua kama alivyopewa, na Bi Rosa, kwa miaka yake sabini na moja, ameapa kushuka kutoka Matombo kuja kukaa naye ofisini. Wakimfukuza, ndugu zake wanalima pilipili manga. Atapetea nyumbani na kuuza kwa pakiti sokoni mjini.

Kuna jambo lingine linalomsubiri. Mwezi wa sita wanakuja watu kumposa binti yake, Lucy. Neno la mwisho lingekuwa la Andrea, mjomba mtu. Wazee wamekwisha kumwambia Paskalia kuwa sasa ni lake, kwa kuwa ndiye anayefuata.

“Barua inataka niseme mimi ndiye niliyekuwa mkubwa siku zote,” anasema, na ungo sasa umesimama. “Ukubwa nimeupata Jumatatu ile tulipomfukia Andrea. Una wiki tano tu, na sikuutaka.”