Tangi Nililolisugua

Wifi yangu Mwanasaumu hajawahi kuogelea hata siku moja, na kwao ni Jomvu Kuu, ambako maji hayako mbali na mlango wa mtu. Mumewe, kaka yangu Ishaka, alitafuta riziki chini ya bahari. Alikuwa mpiga mbizi, akinasa samaki wa mapambo wa kupelekwa ng'ambo. Miaka ishirini na miwili alirudi nyumbani akinuka mawe ya mwamba, na miaka ishirini na miwili Mwanasaumu akamwambia avulie nguo uani.

Mwaka huu Ishaka akaamua mkewe naye apaone kazini kwake. Akaleta tangi la kioo sebuleni, akalijaza maji ya bahari, akapanga mawe aliyoyatoa chini kwa mikono yake, akatia samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe. Siku ya kumi na moja alianguka akitawadha, hakuinuka tena.

Mwanasaumu akaingia edani, miezi minne na siku kumi bila kutoka. Tangi nalo likaanza kuota ukoga. Kwanza wa kahawia, kisha wa kijani wenye nyuzinyuzi. Kila nikija kutoka Mtopanga nikiliona, naanza kutafuta kitambaa. Uchafu nauchukia, mama yetu alikuwa akisema nilizaliwa na ufagio mkononi.

"Wifi, wacha nikuoshee hili tangi," nikamwambia.

"Liache, mwenzangu. Ishaka aliniambia tangi jipya ndivyo lianzavyo. Kahawia, kijani, kisha latulia lenyewe. Alisema nisubiri tu."

Basi akasubiri. Mchana alizima taa ya tangi ili ukoga usinawiri. Alifuta kioo sehemu ndogo tu, kiasi cha kiganja, apate kuwachungulia samaki. Kila Jumamosi Erastus, aliyekuwa akipiga mbizi na kaka yangu, alitua mtungi wa maji ya bahari mlangoni, akabisha hodi, akaenda zake bila kutazama ndani. Mtu wa bara yule, lakini adabu yake wengi wetu hatuna.

Siku moja kabla ya hitima ya arobaini nilifika asubuhi. Mwanasaumu alikuwa na homa, amelala. Nikafagia, nikapiga deki, kisha nikalitazama lile tangi nikaona aibu. Wageni watasemaje juu ya nyumba ya kaka yangu? Nikawahamishia samaki kwenye beseni la maji ya bomba, na kwa kuwa mimi si mjinga, nikatia chumvi konzi mbili. Nikamwaga maji ya tangi, nikayaanika mawe uani, nikasugua kioo kwa sabuni ya unga na waya wa sufuria mpaka nikajiona uso. Nililia nikisugua. Nilidhani namfanyia kaka yangu jambo la mwisho.

Alipoamka, samaki walikuwa wameshalala ubavu. Alisimama mbele ya beseni, kisha akalitazama tangi.

"Sasa lang'aa, sivyo?" nikasema. Nilikuwa nimeshajua nilichofanya.

"Lang'aa," akasema. "Ahsante, wifi. Umechoka, keti."

Wallahi, angenitukana ningepona. Nilitamani anitukane.

Hakuketi yeye. Alitoka mpaka uani, mawe yalipokuwa yakikauka juani na nzi wameyazunguka. Akachuchumaa, akachukua moja, akalipeleka puani. Nilipomkaribia ile harufu ikanifikia nami. Alikuwa ni Ishaka, amerudi kutoka kazini alasiri.

"Hapa ndipo nilipokuwa nikimwambia avulie nguo," akasema.

Nilibaki kwake juma zima. Kila alasiri alitoka akayanusa moja moja, nami nilimtazama kutoka jikoni. Siku ya nne yalikuwa meupe, makavu, masafi kama nipendavyo mimi, na hayakunuka chochote.