Saa Moja kwa Ndege

Sisi tuliokulia Mbeya enzi zile hatukujua Iringa iko kilomita ngapi. Tulijua ni siku nzima, imeisha hiyo. Kila Desemba mama, Mhehe wa Kalenga aliyeolewa Mbeya, alitupeleka kwao kumsalimia bibi. Mayai yalichemshwa tangu jana yake, karanga zikakaangwa, na mimi nililala na viatu miguuni nisije nikaachwa.

Tulipanda basi alfajiri, kibaridi kinauma masikio, watoto watatu kiti kimoja. Chimala mama alinunua mchele dirishani, maana alikuwa akisema, "Kwetu siingii mikono mitupu." Makambako upepo ulipenya hadi kwenye mifupa, na hapo lazima mdogo wangu atapike. Mafinga tulipata mahindi ya kuchoma. Kipande cha mwisho kilikuwa vumbi tupu, tukifika tumekuwa wekundu hadi kope. Bibi alitupangusa nyuso kwa khanga yake, akimpa kila mmoja "kamwene" yake, salamu ya Kihehe, hamruki mtu.

Watoto wa leo wakikaa garini kidogo tu wanashika kiuno kama wametoka kulima. Binti yangu Neema ndiyo usiseme. Bibi alishafariki, baba naye, na mama alirudi kuishi Kalenga peke yake. Nilikuwa sijaenda kumwona miaka mitatu. Mara kazi, mara harusi, mara msiba wa jirani. Sababu hazikuwahi kuniishia.

Ijumaa moja jioni nilikuwa naongea na mama kwa simu, akiniuliza kama kesho tutakuja, nami nikisingizia urefu wa njia. Neema akapekua simu yake, akadakia, "Bibi, mbona ni karibu. Mbeya hadi Iringa kwa ndege ni saa moja tu." Mama akacheka, akasema, "Haya, wanangu, karibuni." Tukaagana, nikaendelea na mambo yangu. Ndege yenyewe wala hatukuwa na mpango nayo, ilikuwa ni hesabu ya simu tu.

Kesho yake saa nne asubuhi mama akapiga. "Mwanangu, chai imepoa. Ndege imepatwa na nini?"

Ilinichukua muda kuelewa. Neema alisema urefu wa safari, mama akasikia saa ya kufika. Saa moja asubuhi tunaingia, ndivyo alivyojua. Alikuwa amechinja kuku, ameoga, amekaa mlangoni tangu kulipopambazuka, anaangalia juu. Mimi mtu mzima nililia nikiwa nimeshika mwiko.

Nikamwambia tumechelewa, tunakuja. Nikamvuta Neema na begi moja, tukakimbilia stendi. Njia nzima alilalamikia mgongo.

Tulifika Kalenga jua linazama. Mama hakulaumu. Aliuliza tu ndege ilitua wapi, nikaona aibu kumdanganya mara ya pili.

"Tumekuja na basi, mama."

Akanitazama kidogo. Huyu ndiye aliyetubeba watoto watatu njia ile ile, mwaka hadi mwaka, mmoja anatapika na mwingine analia, kwa sababu mama yake alikuwa anamsubiri. Enzi zao njia ilikuwa ndefu na watu walifika. Mimi lami ninayo hadi karibu na mlango wake, na mtoto mmoja tu wa kushika mkono.

"Kumbe mabasi bado yapo," alisema, akaenda kutupashia kuku.